Somo la Afya: Kile Kinyama cha Maabara Kinasema Nini?

Katika vikundi tunavyovitembelea kuna swali ambalo limerudi mara nyingi. Mama ameenda kliniki kwa sababu anatokwa na damu wakati usio wake. Daktari ameangalia, amekata kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, amekitia kwenye chupa yenye dawa na kusema, "Rudi baada ya wiki mbili au tatu." Mama anarudi nyumbani na moyo mzito. Wenzake wanauliza: kile kinyama kinaenda kufanywa nini? Kitasema atapona au hatapona?

Na siku hizi kuna neno jipya linalosikika redioni, jeni. Watu wakisikia jeni wanafikiri ukoo. Tumeona boma moja ambapo mabinti wawili wa mama mgonjwa walianza kuepukwa na wachumba, ati ugonjwa uko kwenye damu yao. Jambo hilo lilituuma, na ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Somo ni refu kidogo. Tunashauri katibu asome kwa sauti, polepole, asimame pale tulipoweka maswali, wanachama wazungumze, halafu aendelee. Wazee wa boma wakaribishwe pia. Si habari ya akina mama peke yao.

Ugonjwa wenyewe

Kizazi cha mama kina umbo kama la avokado iliyopinduliwa, ile shingo nyembamba ikiangalia chini. Shingo hiyo ndiyo mlango wa kizazi. Kansa ya hapo, karibu yote, huanzishwa na virusi vinavyoitwa HPV. Mjerumani mmoja, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, walipata virusi vya aina ya 16 ndani ya kansa hiyo mwaka 1983, na aina ya 18 mwaka uliofuata. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi duniani.

Virusi hivi huambukizwa wakati wa tendo la ndoa, na ni vya kawaida mno. Watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, na kwa walio wengi mwili huviondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache hubaki. Tangu kubaki mpaka kuwa kansa huweza kupita miaka 15 hadi 20. Kwa mama ambaye kinga yake ni dhaifu, kama mwenye virusi vya ukimwi asiyepata dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hivyo mzee asianze kuuliza mke wake, "Ulitoa wapi ugonjwa huu?" Hakuna daktari anayeweza kusema nani alimletea nani, wala mwaka gani.

Kila seli ina katiba nzima

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna maandishi yanayoitwa DNA, na kipande cha maandishi hayo chenye agizo moja ndicho tunachokiita jeni. Mtu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini. Ajabu ni kwamba seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yale yale. Mbona basi jicho haliwi ini?

Chukueni katiba ya kikundi chenu. Tuseme kila mwanachama amepewa nakala nzima. Nakala ya mweka hazina ni sawa kabisa na ya mwenyekiti, lakini yeye kila mkutano hufungua ukurasa wa pesa. Katibu hufungua ukurasa wa kumbukumbu. Kurasa zingine zipo, lakini zimefungwa. Seli nazo ni hivyo. Seli ya jicho imefungua kurasa za kuona, na kurasa za ini zimenyamaza.

Jeni inapofunguliwa, seli huandika nakala ndogo ya lile agizo, na kwa nakala hiyo hutengeneza protini ambayo ndiyo inayofanya kazi. Jeni inayosomwa sana hutoa nakala nyingi na protini nyingi. Isiyosomwa iko kimya, ingawa ipo. Wataalamu wakisema wamepima utendaji wa jeni katika uvimbe, maana yake ni hiyo tu: ni ukurasa gani umefunguliwa, na unasomwa kwa sauti kubwa kiasi gani.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kurithi ni habari ya nakala uliyopewa na baba na mama yako. Utendaji wa jeni ni habari ya ukurasa unaosomwa leo, mahali hapo, ndani ya uvimbe huo. Daktari wa maabara anayepima kinyama cha mama hapimi ukoo wake. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wanaweza kuwa na hatari iliyozidi kidogo, maana kinga za watu hazilingani, lakini chanzo ni virusi. Binti hakuzaliwa na kansa ya mlango wa kizazi ya mama yake. Atakayemkataa msichana kwa sababu hiyo amekataa bure.

Mgeni mkutanoni

Sasa tuseme mgeni ameingia mkutanoni bila kualikwa. HPV haina maandishi mengi, jeni zake ni kama 8 tu. Mbili kati ya hizo, E6 na E7, ndizo zenye balaa.

Seli yenye afya ina walinzi wake. Mmoja huitwa p53, na kazi yake ni kama ya mkaguzi wa hesabu. Akiona maandishi yameharibika anasimamisha shughuli mpaka yarekebishwe, na yakishindikana anaamuru seli ile ife. E6 hufanya mkaguzi huyo aangamizwe. Mlinzi wa pili huitwa Rb. Yeye ameshika ufunguo wa ukurasa unaosema "ongezeni wanachama". E7 humnyang'anya ufunguo. Basi seli inagawanyika bila ruhusa na bila ukaguzi, na makosa yanaongezeka kila mara inapogawanyika.

Hata hivyo virusi vina jeni nyingine, E2, ambayo huzituliza E6 na E7 zisipige kelele kupita kiasi. Katika kansa nyingi DNA ya virusi imekatika na kujipachika ndani ya DNA ya seli ya mama, na mara nyingi inapokatika ni pale pale penye E2. Mtulizaji akishavunjika, E6 na E7 zinasomwa usiku na mchana.

Kuna alama moja ya vurugu hii ambayo huonekana kwa darubini. Seli ikiona mambo yanakwenda ovyo hufungua ukurasa wa breki unaoitwa p16. Lakini breki hiyo hufanya kazi kupitia kwa Rb, na Rb ameshafungwa mikono. Kwa hivyo p16 inapiga filimbi, inapiga filimbi, na hakuna anayesimama. Protini yake inajaa ndani ya seli. Fundi wa maabara akitia dawa ya rangi inayoshika p16, sehemu ile inageuka kahawia. Rangi hiyo humsaidia daktari kutofautisha mabadiliko ya hatari na yale ya kawaida ya jeraha au uponyaji wake. Si kila hospitali ina kipimo hicho. Nyingi hutumia rangi za kawaida na jicho la daktari mwenye uzoefu, na kwa kutambua kansa iliyokwisha kuwa kansa, hilo kwa kawaida linatosha.

Katibu asimame hapa. Wanachama waulizane: katika jamii yetu, watu husema kansa inatoka wapi? Ni nani aliyewahi kuumizwa na maneno hayo? Msiharakishe.

Mama mmoja wa Baltimore

Kwa nini uvimbe mmoja hukawia na mwingine huenda kama moto wa nyika? Kuna mgonjwa mmoja ambaye habari zake zimeandikwa sana, naye ni Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, aliyelelewa katika shamba la tumbaku jimbo la Virginia. Mapema mwaka 1951, akiwa na miaka 30 na watoto watano, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akiwa anatokwa na damu. Alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Alitibiwa kwa radiamu, dawa ya mionzi ya wakati ule. Kansa ilienea upesi, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki.

Madaktari walikuwa wamechukua kinyama cha uvimbe wake bila kumwuliza. Seli zake zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kugawanyika maabarani bila kikomo. Zilipelekwa dunia nzima, zikasaidia katika kupima chanjo ya polio na kazi nyingine nyingi, na jamaa zake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Hilo nalo mlijadili: kinyama ni cha nani? Sisi tunasema mama ana haki ya kuuliza kinakwenda wapi.

Mwaka 2013 wataalamu walisoma DNA ya seli zile kwa undani. Walikuta virusi vya HPV aina ya 18 vimejipachika karibu na jeni moja iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuhimiza seli zikue. Kwa sababu ya jirani huyo mbaya, MYC ilikuwa inasomwa kwa sauti kubwa mno. Walisema huenda hiyo ni sehemu ya sababu kansa yake ilikuwa kali hivyo. Angalieni vizuri: MYC yake haikuwa ya ajabu tangu kuzaliwa. Kilichobadilika ni sauti ya kusomwa, na tena ndani ya uvimbe tu.

Je, maabara inaweza kutabiri?

Kutokana na mambo kama hayo wataalamu wakajiuliza: kama tutasikiliza jeni zote za uvimbe, zinazopiga kelele na zilizonyamaza, hatuwezi kujua mapema mgonjwa yupi kansa yake itarudi? Kitu kinachosaidia kujua hivyo huitwa alama ya kubashiri. Kwa kansa ya matiti wamefika mbali. Kuna kipimo cha jeni 21 kinachosaidia madaktari kuamua kama mama fulani anahitaji dawa kali za kemotherapi au anaweza kuachiwa.

Kwa mlango wa kizazi kazi inaendelea. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani na wenzao walitoa uchunguzi wa vimbe 228. Mwaka 2020 ukatoka uchunguzi ambao sisi wa Afrika Mashariki tuufurahie, maana vimbe 118 zilitoka kwa wagonjwa wa Uganda, na 72 kati ya wagonjwa hao walikuwa na virusi vya ukimwi. Kabla ya hapo kazi ya undani namna hiyo haikuwa imefanywa kwa akina mama wa sehemu zetu. Walikuta kwamba kurasa zinazosomwa hutofautiana kulingana na jamii ya HPV: jamii ya aina ya 16 ina mtindo wake, na jamii ya aina ya 18 na 45 ina wake. Walikuta pia kwamba mahali virusi vilipojipachika, jeni za jirani mara nyingi hupaza sauti, kama tulivyoona kwa mama wa Baltimore.

Zimeandikwa orodha nyingi za jeni ambazo, zikisomwa sana au kidogo, huenda pamoja na maisha marefu au mafupi. Shida ni kwamba orodha hizo hazikubaliani. Wagonjwa waliopimwa ni wachache, hatua zao za ugonjwa ni tofauti, na zile nakala ndogo za agizo huharibika haraka kinyama kisipohifadhiwa vizuri. Kwa hivyo hakuna orodha hata moja ambayo imekuwa kipimo cha kawaida cha kuamua matibabu ya kansa hii. Kuna protini moja, PD-L1, ambayo hupimwa ili kujua kama dawa iitwayo pembrolizumab inaweza kumfaa mama ambaye kansa yake imerudi au imeenea. Bei ya dawa hiyo iko mbali sana na mfuko wa mtu wa kijijini. Mtu akija sokoni na kuwaambia ana kipimo cha jeni cha kuonyesha kama mgonjwa wa kansa hii atapona, mfukuzeni na pesa zenu zibaki mfukoni.

Na hata kingekuwepo, kubashiri si hukumu. Mzee anayejua mawingu husema, "Mvua ikichelewa mpaka mwisho wa Aprili, mahindi ya wengi hukauka." Anasema ya wengi. Shamba lako lenye mbolea na matandazo linaweza kuzaa. Daktari akisema kati ya akina mama 10 wa hali hii 6 huwa hai baada ya miaka mitano, hajasema wewe ni wa sita au wa saba.

Alama iliyo mikononi mwetu

Alama yenye nguvu kuliko zote bado ni ya zamani: ugonjwa umefika wapi ulipopatikana. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kansa hii ikipatikana bado iko pale pale mlangoni, karibu akina mama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imeingia sehemu za jirani, ni kama 6. Ikiwa imefika mbali mwilini, hawafiki hata 2. Hapa kwetu matibabu ni magumu kupatikana kuliko kule, lakini mteremko ni ule ule. Makadirio ya mwaka 2020 kwa Kenya yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 5,000, na waliofariki zaidi ya 3,000. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Elimu ya jeni imeleta msaada hapa kuliko mahali pengine popote. Kipimo cha HPV hutafuta maandishi ya virusi vyenyewe, na kuna aina inayosoma nakala za E6 na E7, yaani haiulizi tu kama mgeni yuko ndani, inauliza kama anapiga kelele. Mama anaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani. Shirika la Afya Duniani linashauri akina mama waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wale wenye virusi vya ukimwi kuanzia 25, kwa sababu hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Pasipo na kipimo hicho, muuguzi hupaka siki na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Mabadiliko yakipatikana kabla ya kuwa kansa, mara nyingi huondolewa kwa baridi kali au kwa joto pale pale kliniki, na mama anarudi nyumbani siku hiyo. Kuonekana na HPV si kuonekana na kansa. Kwa wasichana wa miaka 10, serikali ilianza kutoa chanjo Oktoba 2019.

Sasa turudi kwa yule mama anayengojea majibu ya kinyama. Kuna akina mama ambao hawarudi kuyachukua. Nauli hakuna, au hofu imezidi. Karatasi inakaa kwenye faili na uvimbe unaendelea. Kikundi kinaweza kuandika namba ya kinyama na tarehe ya kurudi katika kitabu cha kumbukumbu, kwa ruhusa yake, na kuteua mmoja wa kumsindikiza. Wakifika wamwulize daktari: ni kansa au ni mabadiliko ya kabla ya kansa? Iko hatua ya ngapi? Matibabu yataanza lini, na wapi?

Ikipatikana mapema sana hufanyiwa upasuaji. Ikiwa imesogea, hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa iitwayo sisiplatini, utaratibu ulioenea tangu mwaka 1999 baada ya majaribio kuonyesha kwamba viwili hivyo pamoja huokoa wengi kuliko mionzi peke yake. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kama tano, na ya ndani hufuata au huingizwa katikati. Yote yanatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane. Yakikatwakatwa, leo nauli imekosekana, wiki ijayo mtoto mgonjwa, seli zilizobaki hupata nafasi ya kukua tena, na kansa hurudi zaidi. Upungufu wa damu nao huenda pamoja na matokeo mabaya, kwa hiyo wenye afya waulize hospitali kama wanaweza kutoa damu.

Kikundi kimoja tunachokifahamu kilibadilisha zamu ya mchango wa mzunguko ili mama aliyepewa tarehe ya mionzi apokee kwanza, na waliobaki wakagawana wiki: huyu anakaa na watoto, yule anachunga mbuzi, mwingine analala naye mjini kwa jamaa. Waliandika majina yote kwenye karatasi moja, wakaibandika mlangoni kwake kabla ya wiki ya kwanza.